Kukadiria shinikizo la vena kwa ultrasaundi: kipimo kinapokupa jibu lisiloeleweka

Mashine ndogo za ultrasaundi, zile zinazochomekwa kwenye simu, zimeanza kuonekana hata nje ya hospitali kubwa za Uganda. Swali ambalo watu huliuliza nazo wodini mara nyingi ni moja: mgonjwa huyu aongezewe dripu au apewe dawa ya kukojoza? Jibu hutafutwa kwenye vena kava ya chini, ule mshipa mkubwa unaopanda kutoka tumboni, ukapita nyuma ya ini na kumwaga damu kwenye atria ya kulia, chumba cha juu cha moyo upande huo. Baina ya mshipa huo na atria hakuna valvu inayoweza kuzuia shinikizo. Atria ikijaa, mshipa hutanuka. Ikiwa na nafasi, mshipa hunywea kila mgonjwa anapovuta pumzi.

Mwongozo huu ni wa matabibu, wauguzi na madaktari wa wodi kama zile za Arua, Gulu, Mbale au Masaka, ambako mara nyingi hakuna katheta ya vena kuu, mrija unaopima shinikizo ndani ya mshipa wenyewe, ya kulinganisha nayo. Ukipata jibu la ajabu, shuku kwanza mkono wako, kisha pumzi ya mgonjwa, kisha tumbo lake, na moyo uwe wa mwisho. Nasisitiza utaratibu huo kwa sababu makosa ya mkono na pumzi huondolewa kwa dakika mbili, lakini yakiachwa yanaweza kumzamisha mgonjwa kwa maji au kumkausha figo.

Kwanza tukumbushane kipimo chenyewe. Mgonjwa alale chali. Tumia probu (kile kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) ya tumbo iliyopinda, au ya moyo, na uiweke chini ya chembe cha moyo alama yake ikielekea kichwani. Tafuta mshipa ukiingia kwenye atria. Pima kipenyo umbali wa sentimita 1 hadi 3 kutoka pale unapoingia, karibu na mahali vena za ini zinapojiunga, mwisho wa pumzi ya kutoka. Kisha mwambie avute hewa puani ghafla, uone unanywea kiasi gani. Kwa mtu mzima anayepumua mwenyewe, mwongozo wa Marekani wa 2010 unasema hivi: kipenyo kisichozidi milimita 21 kinachonywea kwa zaidi ya nusu kinaashiria shinikizo la atria la karibu milimita 3 za zebaki. Kipenyo kinachozidi 21 na kunywea chini ya nusu kinaashiria karibu 15. Kilicho katikati, yaani mpana unaonywea vizuri au mwembamba usionywea, huhesabiwa 8. Ni makadirio mapana, na ndiyo maana hayavumilii uzembe.

Mshipa hauonekani kabisa

Mara nyingi ni gesi. Mgonjwa aliyetoka kula posho na maharage ana tumbo lililojaa hewa, na sauti ya ultrasaundi haipiti kwenye hewa. Mkunje magoti ili misuli ya tumbo ilegee, sogeza probu kidogo upande wa kulia ili ini liwe dirisha lako, halafu ongeza kina cha picha mpaka uone uti wa mgongo. Kama jeli imekwisha, wanga wa mahindi uliochemshwa kwa maji, sehemu moja kwa kumi, ukaachwa upoe, hutoa picha nzuri. Utumie siku hiyohiyo, na usiupake kwenye kidonda.

Ikishindikana, hamia ubavuni. Weka probu kati ya mbavu upande wa kulia, kwenye mstari wa kati wa kwapa, utazame kupitia ini. Mshipa utauona, lakini hapa kuna mtego. Vena kava si duara kamili. Ni bapa kidogo, na ukiwa ubavuni unapima upande wake mpana, ambao pia hunywea kidogo kuliko ule wa mbele kwenda nyuma. Usichanganye namba za ubavuni na za chembe cha moyo kwenye chati moja, na usizipime kwa kigezo kilekile cha milimita 21. Andika umepima wapi.

Mshipa unadunda

Huenda umeshika aota, mshipa mkubwa unaotoa damu moyoni kwenda mwilini. Mishipa hii miwili inakwenda sambamba, na kwa mtu mwembamba ni rahisi mno kupotea. Aota iko kushoto, kuta zake ni nene na nyeupe, nayo hutoa matawi kuelekea mbele. Vena kava iko kulia, imelala kwenye ini, na ukiifuata utaiona ikifunguka ndani ya atria huku vena za ini zikiingia. Kama hujauona mlango wa atria, bado hujautambua mshipa, hata kama picha ni nzuri kiasi gani.

Kudunda peke yake si ushahidi wa kutosha. Aota jirani huutikisa mshipa. Tena, pale damu inaporudi nyuma kwa nguvu kupitia valvu ya trikaspidi, iliyo kati ya vyumba viwili vya kulia vya moyo, vena kava na vena za ini hudunda kwelikweli kwa kila pigo la moyo. Uganda ina wagonjwa wengi vijana wenye moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki, kwa hiyo hali hii utaiona. Kwa mgonjwa kama huyo mshipa huweza kubaki mpana hata pale ambapo maji ya ziada yameshatoka mwilini. Usiendelee kumkojoza mpaka mshipa uwe mwembamba. Fuata uzito wake, miguu yake, mapafu yake na figo zake.

Kila ukipima, namba nyingine

Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na sababu ni zaidi ya moja.

Ya kwanza ni mkato wa pembeni. Mshipa ni bomba. Picha isipopita katikati yake kabisa, utapata kipenyo kidogo kuliko cha kweli, kama muwa unaopasuliwa pembeni badala ya katikati. Tembeza probu polepole kushoto na kulia, na uchukue pale ambapo mshipa ni mpana kuliko pote. Kisha zungusha probu uutazame kwa mkato wa kukingama: je, ni mviringo mnene au ni kijistari? Mkato huu wa pili hauchukui muda, nami nauona ni wa lazima, kwa kuwa unamkamata mtu aliyedanganywa na ule wa kwanza.

Ya pili inafanana nayo, ila ni ngumu zaidi kuiona. Mgonjwa akivuta pumzi, ini hushuka na mshipa husogea pamoja nalo. Unaweza kuutoka mstari wa picha kabisa, na kwenye kioo ukaonekana umenywea ilhali umehama tu. Modi ya M, inayochora mwendo wa mstari mmoja tu wa picha, ndiyo inayoponza watu wengi kwa njia hii, maana mstari wake hausogei. Hautambui kwamba mwanzo wa pumzi ulikuwa unapima mahali pamoja na mwisho wa pumzi mahali pengine. Rekodi video fupi ya pumzi mbili tatu, uirudishe picha kwa picha, upime palepale kwenye mshipa.

Ya tatu ni mkono mzito. Mshipa wenye shinikizo dogo hubonyea kwa uzito wa probu tu, hasa kwa mtoto au mtu aliyekonda. Legeza mkono mpaka picha ikaribie kupotea, halafu urudi kidogo.

Ya nne ni mkao. Mgonjwa akilala kwa ubavu wa kushoto, mshipa huwa mwembamba kuliko akilala chali. Basi kama asubuhi sista alimpima akiwa chali na jioni daktari akampima akiwa wa ubavu baada ya kumwangalia moyo, milimita 4 zilizopungua huenda si kazi ya furosemidi, ile dawa ya kukojoza, hata kidogo. Kwa anayeshindwa kulala chali kwa sababu ya kukosa pumzi, mpime akiwa ameinuliwa na uandike nyuzi za kitanda. Kesho mpime hivyohivyo.

Namba haibadiliki, lakini hailingani na mgonjwa

Ukishajiridhisha na mkono wako, tazama kifua kinavyopanda. Kunywea kwa mshipa ni kazi ya shinikizo hasi linaloundwa kifuani, kwa hiyo aina ya pumzi ni nusu ya kipimo.

Mgonjwa mwenye maumivu ya mbavu, aliyepasuliwa tumbo jana, au aliyechoka sana, huvuta pumzi fupi. Mshipa wake hautanywea vizuri hata kama shinikizo ni la kawaida. Upande wa pili yuko mwenye pumu kali, au mwenye asidi nyingi kwenye damu kwa sababu ya kisukari au malaria kali, anayevuta pumzi ndefu za nguvu. Wake unaweza kunywea karibu wote hata kama atria haina upungufu wowote. Ukimwona mtu anahema kwa misuli ya shingo, usiandike asilimia ya kunywea kana kwamba alikuwa ametulia.

Halafu kuna agizo lenyewe. Kwenye wodi moja ya Uganda unaweza kuwa na Mlugbara, Muacholi, Mgisu na Muganda, na neno "nusa" likafika kwa kila mmoja kwa maana yake. Wengine huvuta hewa kwa mdomo taratibu, wengine hukaza tumbo, na kukaza tumbo kunaharibu kabisa kipimo. Usieleze, onyesha. "Mzee, nitazame mimi, halafu ufanye hivi," kisha uvute hewa puani mara moja, fupi, mdomo umefungwa. Afanye bila probu kwanza. Akishaweza, pima. Asipoweza, tazama pumzi ya kawaida: mshipa mpana unaonywea chini ya asilimia 20 kwa pumzi tulivu unaashiria shinikizo la juu.

Mshipa mpana, mtu mzima wa afya

Vijana wanaokimbia masafa marefu wana vena kava pana bila ugonjwa wowote. Huko Kapchorwa, nchi ya akina Joshua Cheptegei, usishangae kumpata mkimbiaji mwenye kipenyo cha zaidi ya milimita 21. Mwambie avute hewa puani: ukinywea vizuri na vyumba vya moyo vinafanya kazi sawasawa, mwache aende mazoezini.

Tumbo limejaa maji

Hapa ndipo kipimo hiki kinapoleta faida kubwa kuliko pengine popote nchini kwetu, na ningependa kila mtu mwenye probu akizoee.

Mgonjwa anakuja na tumbo kubwa, amekonda mikono, amechoka. Wengi huandika "ini" na kuendelea. Kabla ya kuandika, tazama vena kava. Ikiwa pana, imetulia, hainywei, na vena za ini nazo zimevimba, maji hayo yanatoka kwenye moyo au mfuko wake. Fikiria mfuko wa moyo uliokakamaa baada ya kifua kikuu, valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki, na ugonjwa wa makovu ya ndani ya moyo ambao daktari Jack Davies aliueleza hapa Uganda mwaka 1948. Huu wa mwisho una tabia ya kujaza tumbo maji mengi huku miguu ikivimba kidogo tu, na ndiyo maana hudhaniwa kuwa ini. Mgonjwa wa mfuko uliokakamaa anaweza kupona kwa upasuaji. Akiitwa mgonjwa wa ini, hatapelekwa huko kamwe.

Ikiwa vena kava ni nyembamba au ya kawaida na inanywea, chanzo kiko kabla ya moyo. Kwa mvuvi wa ukanda wa Ziwa Albert, kuanzia Hoima na Buliisa hadi Pakwach, kichocho cha matumbo kinakuja mbele. Makovu yake hufunga matawi ya mshipa unaoingiza damu kwenye ini, wengu huvimba, shinikizo hupanda upande wa utumbo, lakini damu ikishavuka ini hufika kwenye vena kava kwa shinikizo la kawaida. Kaskazini, ambako homa ya ini aina ya B imeenea zaidi, fikiria ini lililosinyaa. Kifua kikuu cha tumbo nacho hutoa picha hiyohiyo, pamoja na figo zinazopoteza protini.

Lakini tumbo lenyewe linaweza kukudanganya. Maji yakiwa mengi kiasi cha kulikaza tumbo kama ngoma, shinikizo la tumboni huubana mshipa mpaka uwe bapa, hata kama atria ina shinikizo la juu. Ini lililosinyaa nalo wakati mwingine huwa na sehemu ya nyuma iliyokua na kuukumbatia mshipa. Katika hali hizi mshipa mwembamba haumaanishi shinikizo dogo. Tazama shingo. Kama mishipa ya shingo imejaa huku vena kava ikiwa bapa, amini shingo. Unaweza pia kutoa maji kidogo tumboni kwa usalama, kisha upime tena.

Mama mjamzito wa miezi ya mwisho anaingia kundi hilohilo. Akilala chali, mji wa mimba huubana mshipa na presha yake yaweza kushuka ukiwa bado unatafuta picha. Mwinamishe kushoto, na uegemee zaidi kwenye mapafu, moyo na shingo.

Presha imeshuka, mshipa ni mpana

Simamisha dripu ya haraka mpaka ujue sababu. Mshtuko (presha kushuka hadi viungo vikose damu) wenye mshipa uliojaa ni mshtuko wa kizuizi au wa moyo: maji yanayobana moyo, hewa iliyofungiwa kifuani, damu iliyoganda kwenye mapafu, au moyo wenyewe uliochoka. Inua probu hapohapo uutazame moyo kupitia chembe. Duara jeusi la maji kuuzunguka, na ukuta wa kulia unaoingia ndani kila moyo unapolegea, ni dharura ya kutoa maji kwa sindano, na hapo furosemidi ni hatari. Tazama pia kama mapafu yanateleza kwenye ukuta wa kifua pande zote mbili.

Mshipa mwembamba kwa mtu mwenye maji kwenye mfuko wa moyo hufanya kubanwa kwa moyo kuwe na uwezekano mdogo sana. Ila kumbuka mgonjwa wa kifua kikuu aliyeharisha wiki nzima: huyo anaweza kubanwa moyo huku mshipa ukiwa mwembamba, kwa kuwa hana maji mwilini, na ukimwongezea maji ndipo picha hujitokeza.

Presha imeshuka, mshipa ni mwembamba

Mkono unakimbilia chupa ya dripu. Ngoja. Mshipa mwembamba unakuambia shinikizo la atria ni dogo. Haukuambii kwamba maji yatamsaidia. Watu wengi wenye afya, wamekaa tu nyumbani, wana mshipa mwembamba unaonywea. Kwa anayevuja damu baada ya kujifungua au aliyekaushwa na kipindupindu, historia imeshakupa jibu na mshipa unathibitisha tu. Kwa mwenye maambukizi makali, mpe kiasi kidogo, upime tena, usikilize mapafu.

Kwa watoto onyo hili ni zito zaidi. Utafiti wa FEAST, uliochapishwa mwaka 2011 na kufanyika Uganda, Kenya na Tanzania, Mbale, Soroti, Lacor na Mulago zikiwamo, ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za damu kutofika vizuri viungoni. Waliomiminiwa maji kwa haraka walikufa kwa kiwango cha karibu asilimia 10.5 ndani ya saa 48, na wasiomiminiwa asilimia 7.3. Watoto wa kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuwamo, kwa hiyo mtoto aliyekauka kwa kuharisha bado ana mpango wake wa maji. Lakini mtoto wa malaria kali anayehema kwa nguvu ana mshipa unaonywea kwa sababu ya pumzi, na kumwaga maji kwa sababu ya picha hiyo ni kumweka hatarini bila sababu.

Kigezo cha milimita 21 hakimfai mtoto. Linganisha vena kava na aota iliyo kando yake kwa mkato wa kukingama. Uwiano wa chini ya 0.8 hivi unaelekea upande wa ukavu, ingawa watoto wengi wasio wakavu huangukia humo pia, kwa hiyo usitoe uamuzi kwa uwiano huo pekee.

Mgonjwa yuko kwenye ventileta

Kila kitu kinageuka. Mashine inasukuma hewa, shinikizo la kifuani linapanda, mshipa unatanuka wakati wa kuvuta pumzi. Kipenyo kikubwa hapa hakina maana kubwa. Kilicho na maana ni kile kidogo: chini ya milimita 12, shinikizo la atria kwa kawaida ni chini ya 10.

Bado una shaka

Rudi shingoni, kwa macho au kwa probu. Muinue mgonjwa nyuzi 45, tafuta mahali ambapo mshipa wa ndani wa shingo unafunga, pima urefu wake kwenda juu kutoka pembe ya kidari (kile kinundu cha mfupa wa kifua chini kidogo ya koo), uongeze sentimita 5. Jibu ni sentimita za maji. Gawanya kwa 1.36 upate milimita za zebaki. Shingo ikikupa sentimita 6 juu ya pembe, jumla ni 11, sawa na 8 za zebaki. Kama shingo na tumbo vinatofautiana sana, kimojawapo kimebanwa au umekipima vibaya, na dawa haipaswi kutolewa kwa ajili ya kipimo hicho mpaka umejua ni kipi.

Kwenye faili usiandike "vena kava kawaida". Andika kipenyo, asilimia ya kunywea, umepimia wapi, mgonjwa alikuwa amelalaje, alikuwa anapumuaje, na kama tumbo lilikuwa limejaa. Zamu ya usiku ikipokea maandishi hayo inaweza kurudia kipimo kilekile na kulinganisha.